Uzi Mwekundu wa Sura ya Mwisho

CHAMA CHA WASOMAJI WA SITI BAHIGA, ALEKSANDRIA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KITABU CHA TISA

Tarehe: Alhamisi, 6 Novemba 2025
Mahali: Sebuleni kwa Mwenyekiti, ghorofa ya tatu, Ibrahimiya

Waliohudhuria:
Madamu Insaf Tadros, Mwenyekiti
Abla Wisam Hegazi, Makamu, mwalimu mstaafu
Hajja Ratiba Shahin, Mshonaji wa Chama
Dokta Nashat Ramzi, mfamasia
Ustadh Shukri Bisada, Katibu

Asiyehudhuria: Bwana Lutfi. Hakutoa udhuru, na hakuna aliyeuliza.

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi na moja na robo jioni. Kikao kilichelewa kwa sababu lifti ni mbovu na Dokta Nashat alipumzika kila ghorofa. Wajumbe walikunywa chai na kula keki ya basbusa. Hajja Ratiba alisema basbusa ni kavu. Zamu ya kuleta basbusa ilikuwa ya Katibu.

KUMB. NA. 2/9: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Kumbukumbu zilisomwa. Abla Wisam aliomba neno "alibwata", lililotumika juu yake, libadilishwe liwe "alisema". Katibu alikataa kwa kuwa alikuwepo. Mwenyekiti alizitia sahihi, maana desturi ya Chama ni kwamba kumbukumbu za kila kikao husainiwa na Mwenyekiti kikao kinachofuata, baada ya kusomwa mbele yake.

KUMB. NA. 3/9: MAONI KUHUSU KITABU CHA TISA

Katika kitabu hiki Siti Bahiga, opereta wa simu mstaafu wa mji wa Rashid anayemtambua mtu yeyote kwa sauti, anamtafuta aliyemuua mwenye kinu cha mpunga. Anafanya hivyo huku akitengeneza achari ya ndimu, kama ilivyo katika vitabu vyote.

Hajja Ratiba alisema anavipenda vitabu hivi kwa sababu havina damu. "Mtu anakufa kwa adabu zake, nawe unaendelea kula."

Dokta Nashat alirudia lalamiko lake kuhusu sumu ya kitabu cha tano. Alisema dawa ile ingemharisha marehemu, basi, na kesho yake angefungua duka. Katibu alimkumbusha kwamba jambo hili lilishafungwa. Dokta alisema kwake yeye halijafungwa.

Abla Wisam alisema Rashid ni mji mdogo, na kwa mauaji ya namna hii karibuni watabaki paka watupu. Aliongeza kwamba amechoshwa na Afisa Murad, anayemletea Siti Bahiga samaki katika kila kitabu na hajawahi kutamka neno la ndoa. "Vitabu tisa anakula achari ya mwenzake tu. Aoe au aondoke."

Mwenyekiti alisema Afisa Murad aachwe. "Si kila mtu ana maneno, Wisam. Mwingine anakuja tu, anakaa, na hiyo inatosha."

Hapo wajumbe walimtazama Katibu. Katibu hakuona uhusiano wowote, na aliomba kikao kiendelee na ajenda.

KUMB. NA. 4/9: MALALAMIKO YA KATIBU DHIDI YA MWENYEKITI

Katibu alikumbusha kanuni ya Chama. Kitabu kipya kikitoka, Hajja Ratiba hushona sura ya mwisho ya kila nakala kwa uzi mwekundu. Uzi hukatwa katika kikao cha mwisho cha kitabu, mbele ya wote, baada ya kila mjumbe kumtaja muuaji wake. Anayepatia husamehewa zamu ya basbusa.

Katibu alieleza kwamba Mwenyekiti hakuwahi kupatia katika vitabu sita vya mwanzo. Katika cha kwanza alimtuhumu maiti. Lakini cha saba alipatia, na cha nane alipatia. Katibu aliweka mezani nakala za Mwenyekiti za vitabu hivyo viwili na kuonyesha kwamba karatasi za sura ya mwisho zina matundu mawili mawili.

Hajja Ratiba alivaa miwani, akasema, "Mimi natoboa mara moja. Hizi zimefumuliwa zikashonwa tena. Tena vibaya."

Abla Wisam alisema kwamba Katibu anajifanya Siti Bahiga. Katibu alisema anajifanya Katibu.

Mwenyekiti aliulizwa. Alikubali mara moja. Maneno yake yameandikwa kama alivyoyasema, kwa agizo la Katibu:

"Niliwaambia niko Kairo kwa binti yangu. Sikuwa Kairo, nilikuwa hospitali, moyo. Nikalala pale nawaza, nikifa leo, nakwenda sijui nani alimuua yule mpiga picha wa cha saba. Nikashindwa, jamani. Nikaomba mkasi kwa nesi. Cha nane hivyo hivyo, nililazwa tena. Cha tisa sijakigusa. Nilitaka kukifumua kesho, maana Jumapili wananipasua."

Katibu alimuuliza Dokta Nashat kama alijua. Dokta alisema dawa zote anatoa yeye. Katibu aliuliza kwa nini hakusema.

"Siri ya mteja, Ustadh. Na wewe ukiambiwa kitu, unakiandika."

Katibu aliondoa malalamiko yake. Kisha alikwenda kufunga dirisha. Abla Wisam alitaka iandikwe kwamba dirisha lilikuwa limefungwa tangu mwanzo.

KUMB. NA. 5/9: PENDEKEZO LA ABLA WISAM

Abla Wisam alipendekeza kanuni iwekwe kando kwa leo, uzi ukatwe, na sura ya mwisho isomwe hapo hapo, ili Mwenyekiti aende Jumapili akiwa anamjua muuaji. Hajja Ratiba aliunga mkono na kutoa mkasi. Dokta aliunga mkono. Katibu aliunga mkono, ingawa kanuni ile aliiandika yeye.

Mwenyekiti aliuchukua mkasi akaukalia.

"Hapana. Nikisoma peke yangu, huo ni wizi, nauweza. Lakini ninyi mkinisomea leo, mmekaa duara hivi na nyuso hizo, mtakuwa mmeniaga. Mimi sijaaga mtu. Ratiba, shona tena. Uzi wa kushonea mifarishi."

Hajja Ratiba alishona, uzi mara mbili. Mwenyekiti alimkabidhi Katibu nakala yake. Alisema Katibu ndiye mtu pekee Aleksandria nzima asiyeweza kufumua. Katibu alisema basbusa ijayo haitakuwa kavu. Hilo halikuwa kwenye ajenda.

Iliamuliwa: uzi utakatwa siku Mwenyekiti atakapoweza kukaa kwenye kiti chake, iwe lini. Kabla ya siku hiyo hakuna kikao.

KUMB. NA. 6/9: MENGINEYO

Abla Wisam, kwa sauti ya chini ambayo si kawaida yake, aliuliza kama kumbukumbu hizi zingeweza kusainiwa na Makamu leo, ili tu ziwe zimekamilika. Katibu alisema hapana.

KUFUNGA

Mwenyekiti alifunga kikao saa moja na nusu usiku. Wajumbe walishuka ngazi. Katibu alibaki kuosha vikombe.

Sahihi ya Katibu: Shukri Bisada

Sahihi ya Mwenyekiti: ..............................
(Itatiwa na Madamu Insaf mwenyewe, kikao kijacho, baada ya kusomewa. Nafasi hii isijazwe na mtu mwingine.)