Modemu ya Kaka Imejizima

Shoga, acha unachofanya. Kaka yangu fundi kaumbuka leo! Amerudi sasa hivi, katusimulia huku kajifunika shuka.

Si unakumbuka alivyotuchosha na ile modemu? Ina laini kama simu yako. Kaifunga kwenye jengo la ofisi ili taa na viyoyozi viwashwe na kuzimwa ukiwa popote.

Basi leo kamfuata mama mwenye jengo nyumbani kwake, mwendo wa saa nzima. Kaketi kwenye kochi, kabonyeza simu: zima! Mama kampigia mlinzi wa jengo. Mlinzi kasema kweli, vyote vimezimika. Mama kapiga vigelegele.

"Haya mwanangu, washa."

Kabonyeza. Mlinzi kasema bado giza. Kabonyeza tena. Kimya! Feni inampepea na jasho linamtoka.

Shoga, modemu kaichomeka kwenye umeme uleule aliouzima. ULEULE! Kakata tawi alilokalia!

Mlinzi bado yuko hewani. Mama kamwomba apande ghorofa ya nne, akawashe swichi kuu kwa mkono. Dakika mbili, kila kitu kimerudi.

Mama kamtazama kaka, kwa upole kabisa: "Kumbe modemu ninayo miaka yote. Tena yangu inapanda ngazi."