Sahani Namba Tatu

Jumatatu, 3 Februari

Nimekamua, nimekatia ng'ombe majani, chai nimeinywa nimesimama. Halafu mafunzo. Siku tano za kufundishwa mbegu, mimi! Mimi niliyemteremsha fahali kutoka Bumbuli mpaka Mnazi kwa mguu, siku moja, peke yangu, bila fimbo.

Mwalimu ni Neema, mtoto wa mdogo wangu Eliza. Huyu nimembeba mgongoni, shati langu kalikojolea. Leo kavaa koti jeupe. Alianza vizuri, akainama, "Shikamoo mjomba," watu wote wakasikia. Nikaitika kwa kifua. Dakika moja baadaye ananiambia nihamie benchi la nyuma, naziba mwanga. Hilo nimeliweka moyoni.

Tuko kumi na wawili, ofisi ya kikundi. Masika yakianza kikundi kizima kinapanda majani ya rodesi kwenye miteremko, ng'ombe wapate chakula kiangazi. Mbegu itatoka kwa mmoja wetu. Mimi ninayo magunia mawili. Yeremia, kaka wa mke wangu, anayo mawili. Wengine watatu wana vimfuko, waliobaki hawana. Itakayoshinda ndiyo itakayopandwa. Yangu imekaa darini juu ya jiko tangu Julai, kama marehemu baba alivyoweka mahindi ya mbegu. Moshi kila siku. Hakuna mdudu hata mmoja. Watu nimeshawaambia waje kwangu tu, mpaka wa kilima cha pili.

Yeremia alikuwa anacheka pembeni. Simpendi Yeremia. Tangu siku ya harusi simpendi.

Jumanne, 4 Februari

Kuchota sampuli. Siku nzima kuchota! Eti huchoti juu ya gunia tu. Unazamisha mkono chini, katikati, pembeni, kwa sababu nzito zimeshuka na nyepesi zimepanda. Unamwaga kwenye karatasi nyeupe, unagawa mafungu manne, unaondoa mawili yanayotazamana, unachanganya yaliyobaki, unagawa tena. Mpaka ibaki ya kujaa kijiko.

Nikasema kwa sauti, kazi hii mke wangu anaimaliza kwa ungo. Neema akasema, "Haya mjomba, pepeta tuone." Nikapepeta. Mbegu ya rodesi ina manyoya, haina uzito wowote. Iliruka yote, nzima na makapi, ikatua kwenye kilemba cha Mama Zuhura, mwenzetu darasani.

Yeremia: "Shemeji kashapanda kichwa cha Mama Zuhura! Subirini masika, tutakwenda kukata."

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Sikula mchana.

Jumatano, 5 Februari

Usafi wa mbegu. Hapa nimewaonyesha.

Unapewa kibano, lenzi na karatasi nyeupe. Mafungu manne: mbegu safi, mbegu za mazao mengine, mbegu za magugu, takataka. Makapi matupu ni takataka, hata yakiwa mazuri ya kutazama. Ganda la rodesi unaliweka juu ya kioo, unalibonyeza taratibu kwa ukucha. Likiwa na punje unaisikia. Likiwa tupu linalala.

Wenzangu walikuwa wanapapasa kama vipofu. Mimi sikuhitaji hata lenzi. Haya, nilihitaji kidogo. Lakini ukucha wangu unajua. Darasa la tano nililoishia halikunifundisha haya, ni mikono tu. Neema alisimama nyuma yangu muda mrefu. Nikajua kaumia.

Halafu akaharibu. Aliona masizi kwenye mbegu yangu. Akauliza ilikaa wapi. Nikamwambia. Akasema, "Mjomba, hii si mahindi."

Mbele ya watu! Dari lile lililisha ukoo wetu, na yeye humo, kabla shule yake haijajengwa. Nikamwambia kasome tena. Yeremia akakohoa kikohozi cha uongo.

Alhamisi, 6 Februari

Mizani. Kila fungu likapimwa peke yake.

Yangu ya kwanza. Ya kwanza! Fungu la mbegu safi lilikuwa kubwa kuliko la mtu yeyote, magugu hakuna, takataka ni masizi tu na makapi machache. Ya Yeremia imejaa kishona nguo. Punje nyeusi zenye pembe, zinaonekana hata ukiwa mlangoni. Nikamuuliza, shemeji, unafuga ng'ombe au unafuga magugu? Nimeishi kusubiri siku hiyo.

Jioni nilipita dukani nikawasimulia. Na fahali pia niliwakumbusha. Nusu siku, Bumbuli mpaka Mnazi.

Ijumaa, 7 Februari

Nilidhani tumemaliza. Kumbe bado kuota. Neema kasema usafi unakuambia kilichomo guniani, haukuambii kama kiko hai. Maneno ya kutafuta kunishusha.

Punje mia za kila mwenye mbegu, zipangwe kwenye karatasi mbichi ndani ya sahani yenye kifuniko. Sahani tano, namba tu, hakuna majina. Yangu tatu. Ya Yeremia nne. Nilizipanga mwenyewe kwa kibano, mistari kumi ya kumi kumi, imenyooka kama askari. Kila baada ya siku mbili mtu wa zamu anarushia maji. Siku ya kumi zinahesabiwa.

Neema akatangaza atakayehesabu ni mjomba, kwa sababu ana jicho kuliko wote. Yeremia akapinga. Neema akamwambia mafunzo ndiyo hayo, anayejua afanye. Sikumshukuru. Ni haki yangu.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani Yeremia kakaa mbele. Mahubiri sikuyasikia, nilikuwa natazama kisogo chake. Eliza kanishika mlangoni. Ameshafyeka mteremko wake wote anasubiri mbegu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jumatano, 12 Februari

Nimechungulia ofisini kupitia dirisha. Namba moja ina kijani. Mbili ina kijani. Nne ina kijani. Yangu iko mbali na dirisha, sikuona sawasawa.

Mbegu nzuri hazina pupa.

Jumatatu, 17 Februari

Neema yuko Bumbuli na kikundi kingine. Kaniachia ufunguo na fomu. Kasema nihesabu zote, nijaze, kesho yeye atasoma mbele ya watu.

Namba moja: sitini na nne. Namba mbili: hamsini na nane. Nne, ya Yeremia: sabini na moja. Tano: sitini.

Namba tatu hakuna kitu.

Nikachukua lenzi, nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Punje mia. Zimelowa, zimelala kwenye mistari yangu. Nyingine zimeshika ukungu. Nikabonyeza moja kwa ukucha. Ikatoka kama uji wa kahawia.

Nilimchukia Neema. Nikamchukia Yeremia, na aliyetengeneza hizo sahani. Halafu nikalikumbuka jiko letu. Julai na baridi ya huku, moto hauzimwi toka alfajiri mpaka watu wanalala. Mke wangu alisema mwenyewe, Agosti, kwamba darini hapashikiki kwa joto. Nikamwambia anyamaze, baba alikuwa anaweka humo humo. Mahindi yana ngozi. Hivi vipunje ngozi havina. Nimevipika. Miezi saba nimevipika.

Nikafunga mlango.

Nikahamisha miche kutoka namba nne kwenda namba tatu. Mmoja mmoja, kwa kibano. Zangu zilizokufa nikazipanga namba nne, mahali pa ile miche. Arobaini. Yeye abaki na thelathini na moja. Mistari nikainyoosha tena. Ikapendeza. Nani angejua?

Nikashika kalamu. Mlango ukagongwa.

"Kaka, uko humo?" Eliza. Hakuingia, alikuwa na jembe na matope. "Nimeshalima mteremko wote. Mtamba wangu anazaa Juni. Mbegu nije lini, nisipitwe na mvua?"

"Kesho."

"Lakini ya kwako, eeh? Ya Yeremia yenye magugu siitaki. Mwaka huu sina pa kukosea."

"Nenda nyumbani, Eliza!"

Nilimfokea. Akasema haya kaka, akaenda.

Nilikaa. Niliuona mteremko wake mwekundu, mtupu, na yule mtamba kasimama pale Septemba akinitazama. Mtamba, si Eliza. Sijui kwa nini mtamba.

Nikarudisha miche yote arobaini. Miwili ilikatika mizizi. Nimeihesabu kuwa imeota, kwa sababu iliota. Namba nne, sabini na moja. Namba tatu, sifuri. Nimeiandika kubwa, mtu asije akasema ni sita.

Nina hasira na kila kitu chenye miguu.

Jumanne, 18 Februari

Kasoma. Zilipofika zangu akasoma kwa sauti ile ile ya nyingine.

Kisha Yeremia: "Jamani, si tuliambiwa ni safi? Ni safi kweli. Safi kama maiti aliyekwisha oshwa!"

Hata Mama Zuhura alicheka. Hata yule wa kilima cha pili niliyemuahidi. Eliza hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake.

Kikundi kitapanda ya Yeremia, lakini Neema kasema kwanza kishona nguo kitolewe, punje kwa punje, na gunia lichujwe tena. Nikatoka kabla hajamaliza.

Akanifuata mpaka barabarani, koti jeupe linapepea. "Mjomba, namba nne kuna miche miwili imekatika mizizi."

Nikamwambia vibano vyenu vibovu.

Alinitazama. Nikamtazama. Nilikuwa tayari kugombana, nilikuwa nataka kugombana. Akainama, "Shikamoo mjomba." Na asubuhi alikuwa ameshanisalimu.

Nikaitika.

Jumamosi, 1 Machi

Manyunyu tangu asubuhi. Ukungu umefika mpaka kwenye migomba.

Siku nne nimekaa barazani kwa Yeremia natoa kishona nguo. Hakuna mwingine anayekiona upesi. Hatusemeshani. Mke wake analeta chai vikombe viwili, kila mtu anakunywa akitazama upande wake. Simpendi bado. Jana alinisogezea lenzi bila kuombwa.

Fungu la Eliza nimelichambua mara mbili. Liko kwenye mfuko wa kitambaa, nimelitundika kwenye msumari chumbani, ukuta wa baridi, mbali na jiko. Kesho baada ya ibada nitampelekea. Sitamwambia kitu. Tutapanda.

Darini nimeacha mahindi tu.

Yule fahali wa Mnazi, tulikuwa watu watatu. Na tulilala njiani.

Magunia yangu mawili nimeyamwaga bandani, ndama alalie. Ni laini, manyoya matupu. Amelala hapo tangu mchana, hataki kuamka.