Lango la Kinu cha Lissen

Kinu cha Lissen
4 Novemba 2013

Kaka Aubrey,

Hujambo? Goti je? Sisi tupo. Hester anakusalimu, au nadhani anakusalimu, maana tangu apate kiharusi maneno yake mengine hubaki njiani. Kitanda chake nimekileta jikoni, ngazi haziwezi tena.

Nimepata karatasi za watu wako wa kuufufua mto. Eti huko juu mnamwaga kokoto na kulaza miti majini, na sasa mnataka kuling'oa lango langu la kuzuia maji ili mto upate mwendo na samaki wa trauti wapande kutaga mayai. Miaka thelathini na moja, tangu Baba azame, hujakanyaga hapa, leo unakuja kwa karatasi? Nyumba hii ya kinu cha maji imesimama juu ya magogo yaliyozama. Babu alisema yakiwa majini hayaozi, yakikauka kwisha. Mkishusha maji, nyumba inatuangukia, na mke wangu hawezi kukimbia. Jibu ni hapana.

Mdogo wako,
Clem


Upper Lissen
12 Novemba 2013

Mdogo wangu Clem,

Asante kwa barua, hata kama umenichapa. Goti linalia kama bawaba, lakini natembea. Mpe shemeji pole nyingi.

Mto umekufa hapo kwako. Nyuma ya lango maji yamelala na tope linafika kiunoni. Zile kokoto za chini tulizichimba mimi na Baba, tukazitupa, kwa sababu tuliamriwa. Nimeuharibu kwa mikono yangu, ndiyo maana naurudisha. Magogo yako yako chini sana, hayatakauka.

Kinachonitisha ni mvua hii. Unajua maji ya mlima wetu wa mawe laini ya chaki hayapigi hodi mlangoni. Yanazama kilimani, yanakaa wiki sita, halafu yanatokea chini ya sakafu. Kisima changu kimeshapanda futi tatu. Toa mbao za lango sasa, maji yapate pa kupita. Mimi siwezi kuja kukusaidia. Tafadhali usiniulize kwa nini.

Kaka yako,
Aubrey


Kinu cha Lissen
2 Januari 2014

Kaka,

Salamu za mwaka mpya, ingawa sioni jipya. Ulisema kweli, nami nilikupuuza.

Juzi niliona unyevu kati ya mawe ya jikoni. Nikatandika magazeti. Leo asubuhi magazeti yanaelea. Nimepandisha kitanda cha Hester juu ya matofali, na yeye anayatazama maji, ananishika mkono. Barabara imekatika. Doreen wa posta anapita kwa trekta, lakini Hester hawezi kukaa kwenye trekta, na waokoaji wa mashua wanasema tungoje zamu yetu.

Nimetoa ubao mmoja. Nane zilizobaki zimevimba, na matawi yamekwama chini yake. Peke yangu siwezi. Naogopa, Kaka. Sijawahi kukuandikia neno hilo. Una nini na lango hili hata uniache hivi?

Clem, mdogo wako


Upper Lissen
3 Januari 2014

Clem,

Doreen anangoja mlangoni, kwa hiyo sisalimu.

Siku Baba alipozama, mimi ndiye niliyeshika mtaimbo wa kunyanyulia ubao wa lango. Alikuwa chini anatoa tawi. Aliniambia, "Shikilia, mwanangu." Mtaimbo uliteleza, ubao ukamshukia. Ninyi mlidhani alianguka mwenyewe, nami nikawaacha mdhani hivyo. Tangu hapo nikisikia maji yanapita chini ya mbao, miguu inakufa ganzi.

Ukishasoma hii huenda usitake kuniona. Lakini maji hayatangoja tupatane. Kesho asubuhi nakuja kwa miguu.

Kaka yako, ukitaka bado kuniita hivyo,
Aubrey


Kinu cha Lissen
9 Januari 2014

Kaka yangu,

Habari za tangu Jumamosi? Umeota moto, umekunywa kitu? Hester yuko pakavu. Jikoni maji yamekwisha, limebaki tope, na nyumba bado imesimama.

Nilikuwa nimepanga kukupiga. Barua yako ilikuwa mfukoni nikikungoja ukingoni. Kisha nikakuona, mtu wa miaka sabini na mbili, umejifunga kamba kiunoni, unatetemeka mpaka kofia inacheza. Ukaniambia, "Wewe shika mtaimbo. Mimi nashuka." Nilitaka kukataa, lakini ulikuwa umeshaingia.

Sikukuambia siku ile, nakuambia leo. Mtaimbo uliniteleza mimi pia. Mara mbili, kwenye ubao wa nne na wa saba. Ule wa nne ulishuka, ukaacha nafasi ya kiganja kati yake na kichwa chako. Hukuona, ulikuwa umefumba macho ukivuta matawi. Nilishika vizuri kadiri mtu anavyoweza kushika, Kaka, na bado uliteleza.

Lete watu wako waling'oe lango. Waje wiki hii, kabla woga haujanitoka nikaanza tena kubisha.

Mdogo wako,
Clem