Mche Usiomfikia Koku

Mjukuu wangu Mugisha,

Unakula lakini? Huku Kanazi tupo, mama yako amepona kikohozi. Uliuliza kama nimeelewa kidude chako kinachowasha taa nane kwa waya tatu, alama ikipitishwa kutoka taa moja hadi inayofuata, kisha zote zinawaka pamoja. Waitu, mpenzi wangu, nimeelewa. Kahawa tuliipanda hivyohivyo: wasichana mstari mmoja, mama yetu akipiga makofi mara moja, kila mmoja anampa anayemfuata mche, hadi wote tumeshika, ndipo aseme, "Pandeni!"

Siku moja mche ulinivunjikia, nikauficha. Makofi yakalia, nikampa dada yangu Koku, wa mwisho, mkono mtupu.

"Wako uko wapi, mvivu wewe?" mama alimfokea.

Koku hakunitaja. Tulimzika mwezi uliopita, nami sikuwahi kumwomba msamaha.

Taa ya mwisho ikigoma, usiilaumu upesi. Tazama iliyo kabla yake.

Bibi yako