Baruti kwa Bega la Baba

Jumamosi

Imewaka yote! Baruti niliyoichagua imewaka yote ndani ya mtutu, sikuona hata mwale mdomoni mwa bunduki.

Risasi zetu najaza mwenyewe nyumbani, na wiki nzima mume wangu Themba ananiambia, "Mama, baruti ni baruti. Jaza ileile ya bastola." Lakini karabini yetu, bunduki fupi ya begani, ingawa inatumia risasi za bastola, ina mtutu mrefu, na huko ndani baruti inayowaka polepole hupata nafasi ya kumaliza kazi. Nikanunua ya polepole, nikaanza na kipimo cha chini kabisa katika kitabu cha kujazia risasi. Hata hivyo niliogopa. Nikikosea, anayeumia ni baba mkwe.

Tangu apate kiharusi mikono inamtetemeka, bastola haishiki tena. Karabini angalau unaiegemeza begani. Leo tumemtoa nyumbani, mtaa wa Observatory, akanuna njia nzima mpaka uwanja wa shabaha.

Risasi za kwanza nilipiga mwenyewe. Zilikuwa laini, hazisukumi bega. Ndipo nikampa.

Akalenga, akalenga, mpaka Themba akanitazama. Pa! Katikati kabisa.

"Eish!" Akavua vizibo vya masikio, akanigeukia na Kiswahili chake cha miaka ya uhamishoni Morogoro, ambacho sijakisikia tangu augue. "Binti, hizi nani kazipika?"

"Mimi, Baba."

"Basi nipakulie tena."

Themba alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilishindwa kutia risasi nyingine kwenye karabini, machozi yalinizuia kuona.