Walivyobana Matumizi Hadi Wakanibana Mimi

Kwa Mama Fancy,
Boito,
S.L.P. 96,
Bomet.

9 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Phelix,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. U hali gani? Mgongo wako umepoa? Na joto la Doha, bado unalala na shuka uliloloweka maji? Sisi tu wazima. Mwanangu Eddah amepona kikohozi na sasa yuko likizo. Jirani yetu Chepkirui, aliyetupa chumba tangu Mei, anakusalimu sana. Barua hii utaletewa na binti yake Fancy, anayekuja huko kutunza wagonjwa. Nimeona heri niandike, maana mambo haya nikiyasema kwa simu naanza kutukana, na bando linaisha kabla ya matusi.

Uliniuliza kama ni kweli ulivyosikia, kwamba serikali imepunguza anasa zake ili itusaidie sisi tulioangukiwa na mlima. Ni kweli, omera, ndugu yangu. Imepunguza. Keti nikueleze.

Mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Asubuhi ya tano, nikiwa kazini na Eddah shuleni, kilima kilishuka na shamba la chai la jirani wa juu, kikachukua nyumba yetu, choo na mbuzi wote wawili. Watu watatu wa chini yetu walikufa, mmoja ni mzee Kipkosgei aliyekuwa akituuzia maziwa. Niliporudi sikuona hata mahali pa kusimama nilie. Michai ilikuwa imesimama wima, mibichi kabisa, pale kilipokuwa kitanda changu, kama imepandwa na mtu.

Sasa ofisini. Unaijua kazi yangu ya serikali: kupiga deki, kufuta meza, na kumpikia chai Bwana Johana, mkubwa wetu. Miaka sita. Chai yake haina sukari kwa sababu ya ugonjwa wake, na ni mimi niliyekuwa nikimkumbusha vidonge vya saa nne. Wiki mbili baada ya maporomoko iliundwa kamati ya kubana matumizi, ili kitakachookolewa kiende kwa waathiriwa. Nilifurahi, Phelix, sikufichi. Mimi ndiye ninayefuta vumbi kwenye viti vya ngozi ambavyo hakuna aliyewahi kuvikalia. Nilijua kuna cha kubana.

Kamati haikukaa ofisini. Walisema kuna kelele. Kelele ya nini, ya fagio langu? Wakaenda hotelini Kericho siku nne, na mimi nikachukuliwa kubeba mafaili na kupitisha vitafunio. Basi niliyasikia yote kwa masikio haya. Safari ya ng'ambo ya kwenda kujifunza jinsi wenzetu wanavyopunguza gharama ilibaki. Magari mapya yalibaki, eti barabara zimeharibiwa na maporomoko. Maua ya mapokezi walibishania saa nzima, nayo yakabaki, kwa sababu ya heshima ya wageni.

Ndipo mmoja wao akasema, "Hawa wa chai na usafi tunaweza kuwapumzisha." Akanyoosha mkono akachukua samosa kwenye sahani niliyokuwa nimeishika mimi.

Bwana Johana aliitazama sahani, hakunitazama mimi. "Inauma," akasema, "lakini lazima tukaze mishipi."

Mshipi wake, omera, kwa kitambi kile hauna tundu lililobaki.

Tulifutwa watu wanane, wafagiaji sita na walinzi wawili. Barua ilisema kujitolea kwetu kutasaidia kuzijengea familia zilizopoteza makazi Boito. Na jina langu liko kwenye orodha ya familia hizo! Yaani nilinyang'anywa kazi ili nijengewe nyumba. Nilimsomea Chepkirui barua ile mara mbili. Akaniuliza, "Sasa Mama Eddah, siku ya kushukuru utamshukuru nani? Si ni wewe mwenyewe?" Akanimiminia mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, akanikataza kusema neno mpaka niyamalize.

Siku hiyo ya kushukuru na kugawiwa misaada ilifika Julai, uwanjani kwa shule ya msingi. Kulikuwa na mahema, viti vilivyovalishwa vitambaa, tisheti na kofia zilizoandikwa "Tunainuka Pamoja", na wacheza ngoma wa kukodiwa. Tuliitwa saa moja asubuhi. Wakubwa walifika saa nane mchana, na hotuba zao zilikuwa ndefu kuliko mvua yenyewe. Kisha kila familia ikaitwa kupokea mabati manne, blanketi moja na kofia. Mabati manne! Hata choo hayatoshi, aliye ndani atamwona anayepita.

Jina langu liliposomwa nilikwenda mbele. Bwana Johana akanipa mkono huku macho yake yako kwenye kamera.

"Pole sana, mama. Wewe unatoka wapi?"

"Natoka jikoni kwako," nikamwambia. "Umekunywa vidonge vya saa nne?"

Hapo ndipo aliponitazama. Miaka sita, Phelix, na nadhani ndiyo mara ya kwanza. Akasema "Syprose?" kwa sauti ndogo, na mpiga picha akatuambia tutabasamu. Sikutabasamu, lakini mabati nilibeba. Si ya baba yake.

Kazi yetu nayo ilipewa kampuni ya usafi ya shemeji wa mmoja wa wanakamati, kwa malipo yanayozidi mishahara yetu sisi wote wanane. Wasichana walioletwa hawakulipwa, wakaenda zao. Wiki iliyopita Bwana Johana akanipigia simu yeye mwenyewe. Vyoo vimeziba, na kuna wageni wanatoka Nairobi kukagua jinsi ofisi ilivyookoa fedha. Je, ningeweza kuja, kibarua cha siku moja tu?

Nilikwenda. Eddah hana viatu vya shule, na kiburi hakivaliki. Nilikwenda nikiwa na nia ya kufanya. Nikafungua mlango nikaona waliyoyaacha waheshimiwa. Bwana Johana alikuwa nyuma yangu kwenye ukumbi, leso puani, amenishikia ndoo na glavu.

"Tafadhali, mama. Wageni wako langoni."

Nilimtazama, nikaona hastahili hata hasira yangu. Nikaufunga mlango polepole.

"Waambie wabane," nikasema, nikatoka.

Tangu hapo nachuma majani chai kwa Chepkirui, na mikono imeanza kuzoea. Viatu vya Eddah vitapatikana. Chepkirui amenipa kipande juu ya shamba lake, kwenye mwamba, mahali ambapo ardhi haina pa kukimbilia. Wale wenzangu tuliofutwa huja Jumamosi, mlinzi mmoja anajua kupiga msumari, na nguzo tayari zimesimama. Usijinyime chakula ili unitumie kitu. Tuma tu maneno.

Nisalimie Ooko, rafiki yako wa huko, na mke wake Molly umwambie nimemwombea mtoto wao kanisani. Shangazi Rodah wa Kiptere anasema umemsahau. Mungu aliyetuondoa mimi na Eddah nyumbani asubuhi ile akulinde na wewe kazini na njiani, akurudishe na afya yako. Njoo Desemba, ulale kwenye nyumba ambayo hakuna mkubwa aliyeizindua.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,

Syprose