Upepo wa Ijumaa

Nyangau uko? Usinipigie, Maroa yuko karibu na mimi.

Ameniuliza. Miaka yote hii, leo ndio ameniuliza!

Tuko Homa Bay kwa mashindano ya magari. Fundi mmoja alikuwa anawaelezea madereva kwamba tairi ikipata moto presha inapanda, kwa hivyo ukitoa upepo ikiwa moto, ikishapoa itakuwa chini sana na gari haitashika kona. Maroa alisikiza mpaka mwisho. Halafu akanigeukia. "Okemwa, ile Ijumaa ya mwaka wa tisini na sita, ulitoa upepo kabla ya mazoezi ama baada?"

Wewe unajua. Ni wewe peke yako nilikuambia. Nilitoa baada, tairi zikiwa moto kama jiko, kwa sababu jua lilikuwa linatua na Sabato inaingia, singengoja zipoe. Jumapili asubuhi mbio zikaanza na sikuwa nimepima tena. Kona ya kwanza tu, gari ikapinduka na Maroa ndani.

Nimemwambia "kabla."

Nyangau, nimesema kabla! Bila hata kufikiria!

Unajua alifanya nini? Alipiga ule mguu wake mbovu hivi, akacheka. "Basi ni mimi nilikosea. Nilitaka tu kuwa na uhakika."

Sasa tunataka kurudi Migori na gari yake. Amenipa geji ya upepo mkononi. "Pima wewe. Mimi nakuamini."

Nimechuchumaa hapa kando ya tairi ya mbele, nakuandikia. Yeye anadhani napima.